Kwa Heshima ya Jani la Njano

Mnazi umesifiwa na waliokula nazi zake, mkarafuu na waliouza karafuu, na mbuyu na waliouogopa. Asumini na mlangilangi haijawahi kukosa washairi. Lakini mmea unaotambaa juu ya mafriji ya Dar es Salaam na kuzunguka televisheni, wenye majani ya kijani yaliyomwagiwa rangi ya siagi, ambao wauzaji wa kando ya barabara huuita mani planti, haujapata hata ubeti mmoja. Mimi nimeishi nao. Umenitesa vya kutosha kunipa haki ya kuusifu.

Tuanze na nasaba, maana sifa bila nasaba hazinogi. Kwao ni Moorea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa katikati ya Pasifiki. Wataalamu waliuandika mwaka 1880 kwa jina la Pothos aureus, kisha ukahamishwa jenasi hadi jenasi kuliko mkuu wa wilaya, ukaishia kuitwa Epipremnum aureum. Tatizo ni kwamba mimea hupangwa kwa kutazama maua yake, na huu hautoi maua isipokuwa kwa nadra ya ajabu. Mwaka 2016 watafiti walieleza sababu: jeni inayotakiwa kutengeneza homoni ya jiberelini, ambayo ndiyo huamsha maua, haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo tunaununua kwa muuza maua, tunaupeleka nyumbani kama ua, na ua hatulioni hadi tunahama.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni kauli yake. Ukiumwagilia kupita kiasi, unatoa jani la njano. Ukiusahau wiki mbili, jani la njano. Ukiusogeza dirishani jua la saa saba likaupata, njano. Ukiuficha koridoni kusiko na mwanga, njano. Chungu kikibana, njano. Ukiuhamishia kwenye chungu kikubwa, udongo ukakaa na unyevu, mizizi ikaanza kuoza, njano. Na ukitimiza kila sharti bila kukosea, jani la chini kabisa litageuka njano kwa sababu tu limezeeka.

Nani mwingine ana ufasaha wa namna hii? Wakili anahitaji kurasa arobaini ili asieleweke. Mganga anahitaji kuku. Mmea huu unahitaji jani moja, nalo linakiri, linakanusha, linalalamika na linaaga kwa rangi ileile. Nimelitafakari sana jani hili, nami naona linapoteza kipaji chake sebuleni kwangu. Mahali pake ni dirisha namba nne katika ofisi yoyote ya umma. Faili langu liko wapi? Njano. Nirudi lini? Njano. Yule aliyeniambia nije leo yupo? Njano, na pazia linashushwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Hakuna mwananchi ambaye angeweza kulishtaki, kwa kuwa limejibu kila swali.

Isitoshe, jani hilo hukusanya ukoo. Shangazi alipokuja kutoka Tanga hakuvua hata viatu. "Mwanangu, mbona unaunyima maji?" Jirani wa ghorofa ya juu akasema ninauzamisha. Muuza maua akasema, "Bosi, huo unadai mbolea," na mbolea, kwa bahati njema, alikuwa nayo palepale. Dada anayetusaidia kazi hakusema neno. Anao wake jikoni, kwenye kopo la rangi, anaumwagia maji aliyooshea mchele, na ndio pekee uliostawi nyumbani humu. Hakuna aliyewahi kumwomba ushauri.

Fadhila ndogondogo nitazipitia mbiombio. Ndani ya majani kuna chembe za oksaleti ya kalsiamu zinazowasha kinywa, kwa hiyo humfundisha mtoto na paka kutokula kila kitu. Ukiuweka kwenye chupa ya maji usiyobadilisha, unawapa malazi mbu wa dengi, na jiji lililopigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019 linajua maana ya ukarimu huo.

Halafu unasafisha hewa, hilo kila muuzaji atakuapia. Mwaka 1989 watafiti wa NASA walifungia mimea kwenye masanduku yaliyozibwa, mani planti ukiwemo, wakaona benzini na fomaldehaidi zinapungua. Sawa. Mwaka 2019 wengine wakazipitia tafiti za namna hiyo, wakapiga hesabu ya nyumba za kawaida: ili mimea iifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka tu, panahitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kwa kiwango cha chini, sebule ya mita nne kwa nne inataka mimea 160, nasi tukalale kwa jirani.

Mtu mwenye akili angefungua dirisha. Sawa, tulifungue. Ni la aluminiamu, la kuteleza, linafunguka nusu, na kinachoingia ni joto la vitofali vya pevingi. Pale chini palikuwa na mwarobaini. Ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, kivuli chake kikifika hadi ghorofa yetu, na mwenye nyumba aliukata kwa kuwa majani yake yalichafua magari. Magari! Kisha akamwaga zege, akapanga vitofali, akachora mistari ya maegesho. Tangu hapo umeme wa luku unaliwa na kiyoyozi kabla mwezi haujafika nusu. Alipomaliza alipanga vyungu vya mani planti koridoni, akapandisha kodi, na dalali wake sasa anatangaza nyumba zenye mazingira ya kijani.

Huko kwao mmea huu hushika shina la mti mkubwa na kupanda mita nyingi, na kadiri unavyopanda majani hupanuka hadi kufika nusu mita au zaidi, yakachanika pembeni. Ukining'inizwa bila pa kushika, majani hubaki madogo. Muuza maua alinieleza hayo kwa huruma, akaniuzia nguzo iliyozungushiwa makumbi ya nazi. Yaani nimelipa hela kununua gogo lililokufa ili liwe mti, na kisiki cha mti uliokuwa wa bure nakiona nikisimama kwenye baraza.

Vyungu vya koridoni vilikufa vyote, vikimwagiwa maji ya kupigia deki. Juzi mzee mwenye nyumba akabisha hodi. Nikamwamkia. Akautazama wangu kwenye nguzo yake, akasema, "Mwanangu, huu umependeza kweli. Nikatie kidogo niweke pale chini, kuna wapangaji wanakuja kuangalia nyumba."

Mmea huu huchipua kwenye kifundo tu, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Jani lisilo na kifundo likiwekwa majini hukaa kijani wiki nyingi, pengine hata likatoa mizizi, lakini shina halitatoka kamwe. Nilimchagulia mzee majani makubwa kuliko yote, nikayakata kwa adabu, kila moja na kikonyo chake kirefu, bila kifundo hata kimoja. Amenishukuru sana, na sasa anayabadilishia maji mwenyewe kila asubuhi.