Ombi la leseni ya kasino kwa ajili ya sebule yangu

Mbagala Kuu,
Temeke,
Dar es Salaam.

Mkurugenzi Mkuu,
Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA LESENI YA KASINO KWA AJILI YA SEBULE YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mbagala Kuu, mtu mzima mwenye akili timamu, niliyemnunulia kijana wangu mashine ya gemu nikidhani namnunulia gemu. Baada ya kuishi na mashine hiyo sebuleni nimejiridhisha kwamba nilichofungua ni kasino. Kwa kuwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha Namba 4 ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kuendesha biashara hiyo kienyeji, na kwa kuwa sipendi wakaguzi wenu wanikute na msuli kiunoni, nimeona nijisalimishe mapema.

Naomba kwanza nieleze uendeshaji wa shughuli yangu, maana fomu zenu bila shaka zina kipengele hicho.

Kijana akirudi kutoka shule anaiwasha. Haichezi. Kwanza inajisasisha, na kujisasisha kwake ni kumaliza bando la wiki kabla wali haujaiva. Ikishashiba inamfungulia duka; uwanja utafuata baadaye. Dukani kuna pakiti. Pakiti zinanunuliwa kwa pointi, pointi zinanunuliwa kwa dola, na dola zinatoka kwenye kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu ya baba yake. Ndani ya pakiti kuna wachezaji wa mpira. Ni wachezaji gani, hujui mpaka umeshalipa.

Juzi nilikaa nyuma yake akifungua moja. Taa za uwanja zikazimika kwenye kioo, moshi ukafuka, muziki ukapanda kama rais anaingia. Ikatokea bendera ya Ufaransa: kijana akasimama. Ikatokea nafasi, mshambuliaji: akashika kichwa kwa mikono miwili. Ikatokea nembo ya klabu, kumbe ni jamaa wa daraja la pili ambaye sidhani kama hata shabiki wa timu yake angemtambua sokoni. Kijana akakaa. Kimya kidogo. Halafu: "Baba, naomba moja tu, ya mwisho."

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, sauti hiyo naijua. Nimeisikia Tandika, kwa wanaume wazima waliosimama mbele ya dubwi na sarafu zao mkononi, wakiiapia mashine kwamba hii ndiyo ya mwisho. Wale wana ndevu, na mahali pao pa kuchezea pana maandishi kwamba chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Sebuleni kwangu pana picha ya harusi na kalenda ya msikiti.

Kwa faida ya jalada lenu, naomba niweke kumbukumbu ya gemu lilivyokuwa kabla halijapandishwa cheo.

Sisi tuliokulia Temeke tulianza na kaseti. Ikigoma, unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Super Mario Bros. iliyotoka mwaka 1985 ilikuwa na ukubwa wa KB 40. Picha ya chapati ambayo shemeji yangu hutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia inaizidi mara kadhaa. Ndani ya KB hizo 40 mlikuwa na falme nane na binti mfalme wa kuokoa. Contra nayo ilikupa roho tatu tu, lakini mtaani kila mtoto alijua siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, unapata roho thelathini. Siri hiyo haikuuzwa. Ulifundishwa na kaka wa jirani, naye alichotaka ni umwachie pedi ya kwanza. Na kazi ikiisha inaisha: unalipiga dude la mwisho, majina ya Wajapani yanapanda, mama anaita, unakwenda kuoga. Tena hata asiye na runinga hakukosa, maana Nokia ya tochi iliyotoka mwaka 2003 ilikuja na nyoka wake ndani, na nyoka yule hakumwomba mtu bando.

Kisha kikaja kibanda. Chetu kilikuwa Tandika, nyuma ya saluni, bati juu, kanga dirishani kuzuia jua lisipige kioo. PlayStation 2 mbili, pedi nne, moja kati ya hizo imelegea kidude cha kushoto. Hiyo ndiyo anayopewa mgeni. Gemu ni Winning Eleven. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki, na foleni iko kwenye benchi, siyo kwenye seva iliyoko sijui bara gani. Umeme ukikatika dakika ya themanini, kesi inasikilizwa palepale gizani. Mwenye kibanda ndiye hakimu, na hukumu zake zilikuwa na msimamo: ukiwa mbele kwa mawili umeshinda, ukiwa mbele kwa moja mtarudia, ukiwa umefungwa na umesimama karibu na swichi utaeleza ulikuwa unafanya nini pale.

Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99, na 99 ndiyo ilikuwa juu kabisa. Alipiga kutoka katikati ya uwanja, kipa akaingia wavuni na mpira. Mwenye kibanda akatangaza kwamba hakuna mtu kuchukua Inter mara mbili mfululizo. Tangazo likaandikwa kwa mkaa ukutani, na utekelezaji ukaanza siku hiyohiyo. Udhibiti wa michezo wa haraka kiasi hicho sijauona tena maishani, na naomba mlichukulie hilo kama salamu, siyo kama lawama.

Na ukicheza ile ligi ya kujenga timu, ulianza na watu ambao hawakuwahi kuzaliwa: Castolo, Minanda, Ximelez, golini Ivarov. Ukawapanga, wakafungwa, ukawavumilia. Castolo nilimpenda kuliko washambuliaji wengi wa ligi yetu wenye vitambulisho vya taifa. Alikuja na diski. Hakuna aliyenidai dola ili nimwone.

Sasa sikilizeni jambo la kuchekesha. Kibanda kile, kisichouza chochote cha kubahatisha, ndicho kilichokuwa kinafukuzwa. Mgambo walikuja na virungu, walimu walikuja na fimbo, mashekhe na wachungaji walikubaliana kwa mara moja katika mtaa wetu kwamba gemu ni uhuni na litatufikisha kwenye kamari. Walikuwa sahihi kwamba kamari inakuja. Walikosea nyumba tu. Siku hizi mtoto yuko ndani, ametulia, amevaa sare, na wageni wanatusifu kwa malezi.

Nimefuatilia historia ya jambo hili nikagundua kwamba hakuna mtu aliyetudanganya. Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata za hanafuda, na wacheza kamari walikuwa wateja wake wazuri. Sega mizizi yake ni kampuni iliyokuwa ikipeleka mashine za sloti kwenye kambi za jeshi la Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 sheria ya Marekani ilipozibana mashine hizo, wakahamishia biashara Japani. Yaani dubwi lilifukuzwa, likazunguka, likarudi limevaa koti la hedgehog wa buluu. Na Konami, hao hao waliotupa Contra na Winning Eleven, wana kampuni yao Las Vegas inayotengeneza mashine za kasino. Angalau wao wameandika mlangoni. Winning Eleven yenyewe, iliyokuja kuitwa PES, waliigeuza kuwa eFootball mwaka 2021: kuingia bure, na ukishaingia utajua kwa nini ni bure.

Kwa hiyo mimi si mzee anayelilia ujana. Nimejaribu magemu mapya kwa moyo mkunjufu. Picha zake ni nzuri hadi jasho la beki unaliona. Lakini kila nikishika pedi napewa kazi: ingia kila siku uchukue zawadi, kamilisha majukumu ya wiki, msimu unakwisha baada ya siku tatu, punguzo linakwisha baada ya saa mbili. Kazini nina bosi mmoja. Humu nina kama tisa. Na timu uliyoijenga kwa pesa mwaka mzima, toleo jipya likitoka unaanza upya kama mtu aliyevunjiwa kibanda na bomoabomoa, bila hata fidia. Kuna gemu la magari la Ubisoft liitwalo The Crew, lililotoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wenyewe walizima seva, na hata aliyekuwa na diski yake mkononi hakuweza tena kuliendesha. Diski ya kuchoma niliyoinunua Kariakoo, ambayo mbele ya sheria ni kosa, bado inacheza.

Najua mtasema suala la pakiti ni geni. Halina ugeni. Mamlaka ya kamari ya Ubelgiji ilitamka Aprili 2018 kwamba pakiti za FIFA 18 zinazolipiwa ni kamari chini ya sheria yao, na mapema mwaka 2019 watengenezaji wake, Electronic Arts, wakaacha kuuza pointi nchini humo. Uholanzi wakawapiga faini ya euro milioni 10. Wakakata rufaa, na Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta, ikisema pakiti ni sehemu ya gemu, siyo mchezo wa kubahatisha unaojitegemea. Mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, Juni 2019, ofisa wa Electronic Arts alizifananisha pakiti na mayai ya chokoleti ya Kinder yenye kidoli ndani. Ni hoja nzuri. Lakini mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni hiyo ilivuna kwenye Ultimate Team, yaani sehemu ya magemu yake inayouza pakiti hizo, zaidi ya dola bilioni 1.6, na ningependa kumwona kuku anayetaga hivyo.

Kwa hiyo kuna waliosema ndiyo, kuna waliosema hapana. Nyinyi mnasemaje? Nauliza kwa sababu niko jirani na Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, na mwaka 2017 nilishuhudia nchi ikisherehekea. SportPesa iliwadhamini Simba na Yanga kwa mkupuo, ikawaleta Everton hapa Temeke wacheze na Gor Mahia, na Wayne Rooney akafunga kutoka mbali bao lake la kwanza tangu arejee Everton. Rooney yuleyule tuliyekuwa tukimgombania kwenye benchi la Tandika, sasa mbele ya macho yetu, na kifuani kwake jina la kampuni ya kubeti. Watoto walinunuliwa jezi. Wengine hawajafika darasa la nne lakini wanajua mkeka ni nini na unachanika vipi. Sikusikia mgambo akitumwa.

Nirudi kwenye ombi. Kasino yangu ina ukubwa wa futi kumi na mbili kwa kumi, viti vya kochi sita, kimoja kimetoboka. Mteja ni mmoja. Mkaguzi wa ndani ni mama yake, ambaye amekwisha kunyang'anya pedi mara kadhaa na kuzificha kwenye ndoo ya unga; naomba utaratibu huo utambuliwe rasmi kama hatua za uchezaji wa kistaarabu. Kizima moto hatuna, tuna ndoo ya mchanga. Mapato ya kasino ni sifuri, kwa kuwa fedha yote inapanda ndege moja kwa moja bila kupita Mbagala, hivyo sioni TRA watatoza nini. Wakiona wanijulishe, maana mimi mwenyewe naitafuta.

Masharti yenu nitayatekeleza yote isipokuwa moja, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mnataka mchezaji awe ametimiza miaka 18. Nimeangalia cheti cha kuzaliwa, nimekigeuza na upande wa pili.

Basi naomba mnijibu kwa maandishi, kwa lugha ambayo mzazi yeyote wa Chamazi au Bunju ataielewa: pakiti inayolipiwa kwa fedha halisi, ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka alipe, ni mchezo wa kubahatisha au siyo? Kama siyo, barua yenu nitaibandika ukutani mama yake aache kunisema. Kama ndiyo, waandikieni wenye magemu kabla hamjaniandikia mimi, wazime duka hilo kwa watoto wa nchi hii kama walivyolizima Ubelgiji. Kijana ana miaka 14.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji,
Mbagala Kuu.