Wahamishieni Simba Kwenye Rafu ya Vyombo vya Angani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Akademi ya Sanaa na Sayansi za Filamu,
Beverly Hills, California.

Waheshimiwa,

Tunawaandikieni sisi watazamaji wa kawaida, watu tusio na shahada ya filamu wala kura katika tuzo zenu, ambao sifa yetu ni macho mawili, kochi moja na maoni yasiyokwisha. Ombi letu ni dogo, la kiutawala tu: filamu za maisha ya wanyamapori ziondolewe kwenye kundi la filamu za hali halisi, zipelekwe zinakostahili, yaani kwenye sayansi ya kubuni. Hatuna hasira. Tumezitazama aina hizi mbili kwa miaka mingi, tukagundua kwamba moja inatangaza mapema kuwa itadanganya, kisha inahangaika uongo wake uwe na mantiki. Nyingine inaapa kuwa itasema kweli, na ikishaapa haihangaiki tena.

Anzeni na sauti. Hakuna umma mkali kuliko wapenzi wa sayansi ya kubuni. Tangu Star Wars itoke mwaka 1977, hawajaacha kulalamika kwamba vyombo vinavyolipuka angani vinatoa mshindo, ilhali angani hakuna hewa ya kubeba sauti. Wanaisifu 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968, kwa sababu nje ya chombo mle hakusikiki kitu isipokuwa pumzi za mwanaanga ndani ya kofia yake. Mleteni basi mmoja wa wapenzi hao mbele ya filamu ya wanyama. Buibui anatembea juu ya jani na miguu yake minane inasikika, mmoja mmoja. Tai yuko juu mawinguni na mabawa yake yanavuma sikioni. Mlalamikaji wetu kimya! Hajiulizi ni nani aliyemfunga buibui maikrofoni. Kamera ilikuwa mbali, ina lenzi ndefu ya kuvuta picha, na lenzi haivuti sauti. Sauti ilitengenezwa baadaye studioni, na mafundi wake hawafichi ufundi wao: nyayo za dubu juu ya theluji zinaweza kupatikana kwa kufinyangafinyanga unga wa kastadi uliotiwa ndani ya soksi za nailoni. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na tungependa ituzwe. Ila ituzwe kwa jina lake.

Mtasema sauti ni kiungo tu, na picha ndiyo ushahidi. Hapa inatubidi, kwa unyenyekevu, tufungue kabati lenu wenyewe. Filamu ya mwaka 1958 mliyoipa Oscar ya hali halisi ni White Wilderness ya Walt Disney, ile inayoonyesha wanyama wadogo mfano wa panya, wanaoitwa lemingi, wakijitupa baharini kwa halaiki. Ilipigwa Alberta, jimbo la Kanada lisilo na bahari. Lemingi hao hawakuwa wenyeji wa hapo, waliletwa kutoka Manitoba. Waliwekwa juu ya meza ya kuzunguka iliyofunikwa theluji ili wachache waonekane umati, kisha wakasukumwa kutoka kwenye ukingo hadi mtoni, na mto ukaigiza bahari. Televisheni ya Kanada ilifichua mkasa huo mwaka 1982. Hadi leo kuna watu wazima duniani wanaoamini kwamba lemingi hujiua, na wanaitumia imani hiyo kueleza siasa. Hakuna filamu ya vyombo vya angani iliyowahi kupotosha watu wengi kiasi hicho kuhusu mnyama aliyepo kweli. Tukumbushe pia, kwa upole, kwamba mwaka 1969 mlitoa tuzo ya heshima kwa sura za nyani wa Planet of the Apes, na nyani wa Kubrick, waliokuwa waigizaji ndani ya manyoya, hawakupata kitu. Arthur C. Clarke, aliyeandika filamu hiyo pamoja na Kubrick, alitania kwamba huenda waamuzi walidhani wale ni nyani wa kweli. Ugumu wa kumtambua mnyama, waheshimiwa, ni wa siku nyingi hapo kwenu.

Hayo ni ya zamani, mtajibu, na maadili yamebadilika. Yamebadilika, ndiyo. Mwaka 2011, katika Frozen Planet ya BBC, watazamaji waliona watoto wa dubu mweupe wakizaliwa pangoni, na msimulizi akiendelea kuzungumzia Ncha ya Kaskazini. Pango lilikuwa kwenye bustani ya wanyama nchini Uholanzi. BBC ilijitetea kwamba jambo hilo limeelezwa kwenye tovuti yake, na kwamba kamera ndani ya pango la porini ingehatarisha mama na watoto. Hoja ya pili tunaikubali kwa moyo mmoja, maana ndiyo hoja ya wapigaji wote wa filamu za sayari za mbali: huko hakufikiki. The Martian ya mwaka 2015 ilipigwa sehemu yake katika jangwa la Wadi Rum, Jordan, na hakuna mtazamaji aliyeondoka akidhani ametembezwa Mirihi. Tena mwaka 2016 dunia ilishika roho mkononi ikimwangalia mtoto wa iguana akikimbizwa na nyoka kisiwani Fernandina, katika Planet Earth II. Baadaye mmoja wa watayarishaji alieleza hadharani kwamba shujaa yule alishonwa kutokana na iguana zaidi ya mmoja. Sinema ina neno la watu wanaompokezana mhusika mmoja: huwaita waigizaji.

Tusiwaonee mafundi. Mtu anayekaa wiki kadhaa kwenye kibanda cha majani akimsubiri chui hawezi kurudi na tukio lililopangika lenyewe, lenye mwanzo na mwisho, lililopigwa kutoka pande nne. Lazima akate, aunge, aazime picha ya Jumanne aitie kwenye ya Ijumaa. Kosa si kukata na kuunga. Sisi huku tuna utamaduni wa muda mrefu wa vibanda vya video, ambako Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijijengea majina kwa kuweka sauti zao juu ya filamu za wengine. Wanamwekea mhusika maneno, nia na hata majina ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Ila mtazamaji anajua sauti ya Lufufu ni ya Lufufu. Alilipa ili aisikie. Msimulizi wa filamu ya wanyama anafanya kazi ile ile: anamwambia simba jike kwamba ana wasiwasi juu ya wanawe, na anajua nyani anamfikiria nani. Tofauti ni kwamba huyo anaitwa sayansi.

Lakini yote haya, sauti na bustani za wanyama na iguana wa kupokezana, ni madogo. Tungeyasamehe. Hoja yetu kubwa ni sayari yenyewe. Filamu hizi nyingi hupigwa kwenye dunia isiyokuwepo, dunia isiyo na watu. Chukueni Serengeti, mfululizo wa mwaka 2019 ulionadiwa waziwazi kama maisha ya wanyama yaliyotiwa utamthilia, hivyo kwa ukweli huo unastahili pongezi. Wanyama wake wamepewa majina ya kwetu: simba jike Kali, nyani Bakari aliyeandikiwa mkasa mzima wa mapenzi. Majina yamebaki na wenye majina hawaonekani. Msimulizi kwa Uingereza alikuwa John Boyega, na kwa Marekani Lupita Nyong'o, yaani watu wawili ambao mwaka 2015 walikuwa pamoja kwenye Star Wars: The Force Awakens. Hata watayarishaji, walipotafuta sauti ya kuielezea nyika ya Tanzania, walikwenda kuiazima kwenye vita vya nyota. Sisi tunaomba tu mkamilishe walichokianza.

Linganisheni jinsi aina hizi mbili zinavyotutendea. Mwaka 1966 Star Trek ilimweka Luteni Uhura, mwenye jina lililochotwa katika Kiswahili, kwenye kiti cha mawasiliano cha chombo cha karne ya 23. Mwaka 1983, katika Return of the Jedi ya Star Wars, rubani mwenye mashavu ya kuning'inia alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, naye akazungumza lugha za nyumbani kwake, hata watazamaji wa Kenya wakacheka pasipochekwa na wengine. Kwa hiyo ukitaka kumsikia mtu wa Afrika Mashariki akizungumza lugha yake kwenye filamu ya Kimarekani ya wakati huo, ulipaswa kwenda kwenye galaksi nyingine. Kwenye filamu za Serengeti, ambako ndiko kwake, mara nyingi humpati. Yupo pembeni ya fremu, ameshika usukani. Ndiye aliyejua duma amelala wapi. Kwenye zile dakika kumi za mwisho zinazoonyesha jinsi filamu ilivyopigwa, huweza kuonekana begani mwa mpigapicha, akiwa amenyamaza.

Gharama ya kumwondoa mtu kwenye fremu si ya kisiasa peke yake. Filamu inapoteza hadithi bora kuliko zote ilizonazo, na sayari yenu ya kubuni haina hadithi ya kufanana nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kirusi cha sotoka kiliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka nje ya bara, kikateremka kusini, na ndani ya miaka michache kikafyeka sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Njaa iliyofuata iliua Wamaasai na majirani zao kwa wingi. Kirusi hakikuishia zizini. Kiliingia kwa nyati na nyumbu, kikakaa humo miongo, kikiua hasa ndama kabla hawajakomaa. Katika miaka ya 1950 na 1960 maofisa wa mifugo walizunguka maboma ya wafugaji kuzunguka Serengeti wakichanja ng'ombe, na huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora zaidi, iliyokuja kumpatia Plowright Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Hakuna aliyemchanja nyumbu. Ng'ombe walipopona, nyumbu nao walipona, maana ugonjwa ulikuwa ukitokea zizini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa takriban 250,000. Mwaka 1977 walifika milioni 1.3. Wakala nyasi nyingi, nyasi zikapungua, mioto ya nyika ikapungua, miti ikaota upya. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui. Yaani ule umati wa nyumbu unaotolewa kila mwaka kama picha ya pori lisiloguswa na mkono wa binadamu, uliletwa na sindano iliyochomwa kwenye shingo ya ng'ombe wa mfugaji. Mtunzi yeyote wa sayansi ya kubuni angeuza nyumba yake aipate hadithi hiyo. Filamu za wanyama zinakaa juu yake na kutuonyesha mamba.

Na hata huyo mamba, filamu hizo zimemkuza kupita kiasi. Watafiti walioupima Mto Mara walichapisha mwaka 2017 kwamba nyumbu wapatao 6,200 huzama humo kwa mwaka wakivuka, zaidi ya tani 1,000 za nyama na mifupa. Mamba hula sehemu ndogo tu ya mizoga hiyo. Inayobaki hulisha ndege na samaki, na mifupa huendelea kuurutubisha mto kwa miaka. Ni simulizi ya kemia, inayohitaji subira na isiyo na adui. Wala hatuoni, kwenye vivuko hivyo vya mto, msongamano wa magari ya watalii ukingoni. Kuuona ilibidi kusubiri video iliyosambaa Julai 2025, ya watalii walioshuka kwenye magari na kuwazibia nyumbu njia.

Tunajua jibu lenu la mwisho, na ni zito: filamu hizi zimeokoa wanyama. Mshindi wenu wa mwaka uliofuata baada ya lemingi alikuwa Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tumbusi wakiwa bado kazini. Filamu ile iliwafungua Wajerumani mioyo na pochi, na Shirika la Wanyama la Frankfurt liko Serengeti hadi leo. Hatulidharau hilo hata kidogo. Ila mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka hifadhini kupelekwa Ngorongoro. Filamu haikuwahamisha peke yake, hilo lingekuwa sifa ya kupita kiasi kwa sinema, lakini Grzimek aliamini hifadhi haina nafasi ya wafugaji, na mamilioni waliotazama wakajifunza kuona nyika tupu kama ndiyo nyika sahihi. Upendo uliochochewa hivyo ni wa kweli. Unapenda mahali ambapo hapapo, na mahali palipopo ndipo panapolipa.

Tunatarajia pingamizi kutoka upande wa pili pia. Wapenzi wa sayansi ya kubuni wanaweza kukataa kuletewa wageni wasiofuata sheria za uongo wenye mantiki. Tutawaomba wavumilie. Sanamu ya White Wilderness hatudai irudishwe, ihamishwe rafu tu. Na katika kazi hii ya kuhamisha, filamu moja muiache ilipo. Prehistoric Planet ya mwaka 2022, iliyosimuliwa na David Attenborough kwa sauti ile ile aliyosimulia maisha ya sokwe, inaonyesha dinosaria wa miaka milioni 66 iliyopita, wote wametengenezwa kwa kompyuta, hakuna hata mmoja aliyewahi kupita mbele ya lenzi. Hiyo ibaki kwenye hali halisi. Katika filamu zote za wanyama tulizozitaja, ndiyo peke yake ambayo kutokuwapo kwa watu ni sahihi kihistoria.

Wenu watiifu,
Watazamaji wa kawaida.