Dhiki Penye Kiyoyozi

Jamani, umaskini nao una safari zake. Tangu 1981 Umoja wa Mataifa umeziitia nchi maskini kuliko zote mikutano mikuu mitano: Paris, Paris tena, Brussels, Istanbul, halafu Doha mwaka 2023. Yaonekana dhiki hujadilika vizuri penye kiyoyozi.

Deni la matajiri linajulikana tangu 1970: asilimia 0.7 ya pato la taifa iende kwenye misaada. Norway huipita. Uingereza iliifikia, ikaitungia na sheria mwaka 2015. Mwaka 2021 ikateremka hadi 0.5, eti kwa muda tu. Muda ulipoiva, mwaka 2025, ikatangaza kushuka hadi 0.3.

Na mkutano ujao ufanyike Juba, au Bangui? Loo, wajumbe watalala wapi!