Sifa za Noti Iliyokosewa

Harusini husifiwa bwana na bibi, msibani husifiwa marehemu, na mgombea hujisifu mwenyewe jukwaani. Noti iliyokosewa haijapata wa kuisifu. Kila jioni, katika nyumba ambamo mzazi ameamua kumfundisha mwanawe piano kwa mikono yake mwenyewe, inafika bila kuchelewa, inafanya kazi yake, na ujira wake ni watu kukunja uso. Leo naisifu mimi, tena bila kukopesha. Anayedhani natania na aje kwetu saa kumi na mbili, aketi sebuleni.

Anayesifiwa huulizwa kwanza ukoo wake, na huyu katoka ukoo mkubwa. Mwaka 1716, François Couperin, mwanamuziki wa nyumba ya mfalme wa Ufaransa, alichapisha kitabu cha kufundisha klavesini, kinanda kilichotawala kabla ya piano. Humo anasema umri mzuri wa kumwanzisha mtoto ni miaka sita au saba, na kwamba miguu yake iwekewe kitu cha kukanyagia isibaki ikining'inia. Kisha anashauri kuwa katika masomo ya mwanzo mtoto asifanye mazoezi mwalimu akiwa hayupo. Yeye binafsi, kwa tahadhari, alikuwa akiondoka na ufunguo wa kinanda. Hebu pima hofu hiyo! Mtu aliyempigia kinanda Louis XIV bila kutetemeka anafunga chombo na kutia ufunguo mfukoni, kwa kuwa anajua akivuka tu kizingiti, noti yetu inaingia. Majenerali wa zama zake hawakuogopwa hivyo.

Sisi walimu wa nyumbani hatuna ufunguo wa kuondoka nao. Na hata tungekuwa nao, tungeondoka kwenda wapi? Tunaishi humo humo.

Mwaka 1720 Johann Sebastian Bach alianza kumwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann, mtoto wa miaka tisa, daftari la masomo. Kipande kimojawapo cha mwanzo kimewekewa namba za vidole, na mkono wa kulia unapanda ngazi ya C kwa kidole cha tatu na cha nne, cha tatu na cha nne, vikipokezana mpaka juu, gumba likiwa likizoni. Mtoto wa leo akipanda hivyo mbele ya mwalimu atasimamishwa kabla hajafika noti ya tano: gumba lipite chini! Ukurasa huo nimeuweka tayari. Noti yetu ikifikishwa mahakamani, utasomwa kwa sauti.

Aliyeidhulumu ni Leopold Mozart. Katika daftari la muziki la binti yake, Nannerl, aliandika kwa fahari kwamba Januari 1761, siku chache kabla mwanawe Wolfgang hajatimiza miaka mitano, mtoto huyo alijifunza kipande kizima usiku, ndani ya nusu saa. Tarehe kaiandika, saa kaiandika. Noti zilizokosewa ndani ya nusu saa ile hakuzigusa. Kwa kumbukumbu hiyo ya upande mmoja, wazazi wa vizazi vyote vilivyofuata wamekaa wakimtazama wa kwao wa miaka mitano, ambaye kwa wakati huo anaonja kibonye kwa ulimi.

Lakini tuache ya Ulaya ya kale, tuje kwenye makazi ya noti hii kwa sasa. Kwa uchunguzi wangu, inaishi katika kipimo cha tatu cha Minueti ya G, kile kipande ambacho karibu kila mwanafunzi wa piano hupitishwa. Kimo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa Bach, na kwa miaka mingi dunia ilikiita cha Bach, mpaka watafiti walipobaini kuwa ni cha Christian Petzold, mpiga ogani wa Dresden. Wasomi wazima walimkosea mtu kipande chake chote, na hawakunyimwa chai. Mwanangu anakosea noti moja tu.

Vipimo viwili vya kwanza hupita salama. Cha tatu kinasema E, halafu C, D, E, kisha F, na F hiyo yatakiwa iwe shapu, ipigwe kwenye kibonye cheusi. Alama ya kumkumbusha imewekwa mara moja tu, kule mwanzo wa mstari, na mtoto ameshaisahau kama anavyosahau kunawa mikono. Anabonyeza cheupe. Nyumba nzima inasikia. Bibi yake yuko jikoni anachambua mchicha, maishani mwake hajasoma noti hata moja, na yeye anaguna: "Mh!" Ni mwalimu gani mwingine angeweza kumfanya bibi mwenye mchicha mkononi awe mtahini wa muziki kwa noti moja, bila semina na bila posho?

Hapo naomba nitue kidogo, maana hapa ndipo utukufu wake unapoonekana. Mimi ni mwanakwaya, sauti ya nne, na kama wanakwaya wengi wa Afrika Mashariki nilifundishwa kwa do-re-mi ya herufi, ule mfumo ambao mchungaji Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19, baada ya kuuchukua kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich na kuurekebisha. Wamisionari wakauleta kwetu, nasi tukaushika kuliko wenyewe. Katika mfumo huo do inahama. Kipande kikiwa cha G, basi G ndiyo do, na ile F shapu inayomtesa mtoto kwetu inaitwa ti. Sasa mwimbie mtu ti halafu nyamaza. Hatulii mpaka aifikishe do. Kwa hiyo nikamwambia mwanangu aache karatasi, aache kinanda, asimame aimbe: la, fa, so, la, ti, do. Akaimba, hakukosea hata chembe. Nikampa hongera. Akakaa, akaweka vidole, akabonyeza cheupe.

Bila cheupe kile nisingejua kwamba sikio la mtoto limeshafika na jicho limebaki njiani. Kuna noti inayokosewa na jicho, na hiyo ndiyo ya kipimo cha tatu. Ipo inayokosewa na kidole, ambayo huangukia kibonye cha jirani kwa nusu upana. Na ipo ile ambayo ni sahihi kabisa ila imechelewa, kwa sababu mtoto alisikia mlango ukifunguliwa akadhani baba anakuja. Hii ya tatu ndiyo pekee inayonitia aibu, na sitaisifu zaidi ya hapo.

Kidole cha nne kinastahili wimbo wake. Kano zinazonyanyua vidole, huko mgongoni mwa kiganja, zimefungamana baina ya cha kati, cha pete na kidogo, hivyo cha pete hakina uhuru wake. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati ukiingize chini ya kiganja, kisha jaribu kunyanyua cha pete. Umeona? Sasa muulize mtoto wa miaka saba kwa nini kidole chake cha nne hakiji kwa wakati. Robert Schumann aligombana na mkono wake wa kulia mapema miaka ya 1830 hadi akaziaga ndoto za kuwa mpiga piano mkubwa, akashika kutunga. Mwaka 1848 akatunga albamu ya vipande kwa ajili ya vijana, akianzia na vile vya binti yake mkubwa. Ukoo wa noti yetu basi hauishii kwa watoto tu. Umemtoa mtu jukwaani, ukamkalisha mezani, na watoto wakapata kitabu.

Faida zake za nyumbani hazihesabiki, nami nitazipita haraka maana kila mwenye kinanda anazijua. Mgeni aliyekaa mpaka mazungumzo yakaisha hukumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wazi. Mdai akibisha hodi mtoto akiwa kwenye ngazi za noti, hupunguza sauti, na safari hiyo husema atapita mwisho wa mwezi. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mama mpole asiyependa ugomvi, alinisalimia juzi dukani: "Baba, mtoto anaendelea vizuri na ule wimbo?" Nikamjibu anaendelea. Akasema, "Alhamdulillahi, maana sasa na mimi nimeujua, na pale anapokwama nakwama naye." Kwaya ya mtaa imeanza hivyo, bila kikao.

Heshima kubwa zaidi ya noti iliyokosewa nimeiona siku ambayo haikuwepo. Kinanda chetu ni cha umeme, cha vibonye sitini na kimoja, badala ya themanini na nane vya piano kamili. Jioni moja kikatoka muziki mtamu, wa haraka, mikono yote miwili, hakuna dosari. Bibi akaacha mchicha. Mimi nikahisi jambo. Muziki ule ulikuwa na ngoma nyuma, na mtoto ana mikono miwili tu. Nikachungulia: kaketi kwenye zulia anakula andazi, na kidole cha mguu bado kiko karibu na kitufe cha kuonyeshea mbwembwe za kiwandani. Tangu hapo nikisikia usafi uliopitiliza naenda kukagua. Nikisikia F nyeupe, naendelea na gazeti langu kwa amani.

Wenye piano yenyewe ya mbao, hasa walio karibu na bahari, wana bahati nyingine. Ubao wa sauti hunyonya unyevu wa hewa ya pwani, hutuna, na nyuzi zaidi ya mia mbili zikaondoka kila mmoja na njia yake. Hapo mtoto anaweza kubonyeza pasipo kosa na piano ikakosea yenyewe. Kwa mtoto huo ni wakili wa bure. Nina dhana, ambayo sitaisema mbele ya fundi wa piano, kwamba ukiiacha miaka ya kutosha itaangukia zile robo sauti za taarabu, ambazo mpiga kanuni huzipata kwa nyuzi zake na piano iliyofungwa barabara haizipati kamwe.

Hata wenye mitihani wanaijua thamani ya noti iliyokosewa. Bodi ya ABRSM ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889 na ambayo watoto wa Nairobi pia hufanya mitihani yake, hutoa alama 150 kwa mtihani wa vitendo, na anayefaulu anatakiwa apate 100. Alama hamsini zimebaki pembeni, zimetandikwa vizuri. Mimi najua zimewekewa nani.

Watasema wapinzani: mlete mwalimu, umlipe, nyumba ipumzike. Mwalimu huja mara moja kwa wiki, akapigiwa kipande kilichokwisha kuchanwa na kupakwa mafuta, akaondoka. Siku nyingine zote ni zetu. Na nyumbani mzazi mwenye haraka hunyoosha mkono juu ya bega la mtoto ili akibonyeze kile cheusi yeye, na mtoto, kwa heshima zote, huondoa mikono yake na kusema, "Basi piga wewe, Baba." Noti iliyokosewa haijawahi kumkatili mtoto hivyo. Huweka kosa pale lilipo, ikasubiri mwenyewe alione. Baba naye, akiwa amekaribishwa, anagundua kwamba anajua kibonye kimoja tu cha kipande kile.

Nasikitika kuwaarifu kwamba wiki hii kipimo cha tatu kimepigwa sawasawa, mara nne mfululizo, kwa kidole cha mtoto mwenyewe. Bibi hakuguna. Jirani, nina hakika, alibaki na ulimi mdomoni. Nyumba ilipata kimya cha ajabu, nami nikaanza kuwa na wasiwasi juu ya mustakabali wa mheshimiwa huyu niliyemaliza kumsifu. Lakini katika albamu ile ya Schumann kuna kipande kiitwacho "Mkulima Mwenye Furaha", ambacho wimbo wake uko mkono wa kushoto. Tunaanza Jumatatu.