Babu Kijani Mchana, Waridi Usiku

Kila ukoo siku hizi una mjukuu mwenye printa. Cheo hicho hakukiomba. Alinunua mashine ya kuchapia kazi zake za chuo, akaiweka juu ya kabati la vyombo, na tangu hapo kadi za harusi, barua za kuomba kazi na picha za paspoti za upande wa baba na wa mama zikawa zamu yake. Mambo humwendea vizuri mpaka siku shangazi anapochomoa mkobani picha ndogo ya marehemu babu: kanzu nyeupe, koti jeusi, macho makali. Anataka ikuzwe, itundikwe sebuleni kabla ya khitma.

"Hiyo tu, shangazi?" hujibu mjukuu. "Za rangi zinatoka, itanishinda hii isiyo na rangi?"

Itamshinda.

Picha ya rangi ina huruma. Kitenge kikizidi ukijani kidogo, hagundui mtu isipokuwa mwenye kitenge. Kijivu hakina huruma hiyo, maana jicho hunasa upesi rangi iliyopenya mahali pasipotakiwa rangi. Na printa nyingi za nyumbani hazina wino wa kijivu kabisa. Hukipika wenyewe kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano. Kuna zaidi. Katika mashine nyingi za nyumbani na ofisini, wino mweusi ni wa chembe, umetengenezewa karatasi ya kawaida, na haushiki vizuri kwenye karatasi inayong'aa. Ukiiambia mashine kwamba umeweka karatasi ya picha, inauweka kando wino mweusi na kuutafuta weusi kwenye rangi nyingine. Babu asiye na rangi anajengwa kwa rangi tupu! Hata Epson L805, kipenzi cha wapiga paspoti, ina matangi sita: nyeusi, samawati, samawati hafifu, majenta, majenta hafifu na manjano. Kijivu hakimo.

Matokeo hutegemea saa. Usiku, chini ya balbu ya njano, babu ana uwaridi wa mbali, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Asubuhi akipelekwa dirishani amegeuka kijani. Wino ni uleule na karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga, kwa kuwa kila wino huurudisha mwanga wa jua kivyake na wa balbu kivyake. Wakubwa wa kazi hii nao yamewakuta. Mwaka 2000 Epson walitoa Stylus Photo 2000P, printa ya wino wa chembe iliyosifiwa kwa picha za kudumu miaka mingi, na wapiga picha wakalalamika kwamba kazi zao zinageuka kijani zikitolewa nje. Shangazi hana habari na hayo. Yeye hutangaza tu, mbele ya ndugu wote, kwamba baba yake hakufa kwa ugonjwa wa ini.

Mjukuu angeweza kukimbilia karatasi isiyong'aa, lakini huko weusi hufifia. Ukiupima kwa densitomita, weusi wa karatasi isiyong'aa huishia karibu na 1.7, ilhali wa karatasi ya kung'aa nusu hufika 2.3 na pengine kupita. Namba zinaonekana jirani, ila kipimo hicho ni cha logarithimu: tofauti ya 0.6 maana yake kwenye karatasi ya kung'aa nusu koti la babu linarudisha takribani robo tu ya mwanga ambao lingeurudisha kwenye ile isiyong'aa. Hapo ndipo koti linapokuwa koti. Tena karatasi hii haiakisi dirisha zima la sebule kama ile ya kung'aa kabisa, na mng'ao wake unakaribia ule wa picha za studio za zamani, mfano zile za Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kwa hiyo kuichagua si kosa. Tatizo ni kwamba kwenye zile za zamani chembe za fedha zimelala ndani ya tabaka la jelatini, na kwenye printa zinazotumia wino wa chembe hata kwa rangi, wino huo unakaa juu juu.

Kukaa juu huko kuna vituko vyake. Inamisha picha kidogo, koti jeusi linang'aa rangi ya shaba. Kisha angalia kanzu. Printa haichapi nyeupe. Penye nyeupe huiacha karatasi wazi. Basi kanzu inang'aa kivyake, uso kivyake, na mpaka kati yao unaonekana tangu mlangoni. Mafundi huishusha nyeupe kidogo kwenye kompyuta, kutoka 255 hadi 250 hivi, ili mashine inyunyize wino kidogo kila mahali. Epson Stylus Photo R800 ya mwaka 2004 iliwekewa hata tangi la wino usio na rangi, kazi yake kusawazisha mng'ao. Hebu waambie ndugu wachangie wino usioonekana, halafu uone kikao kitakavyokwenda.

Wapo wajanja wanaoidanganya mashine kwamba ina karatasi ya kawaida, ili wino mweusi wenyewe ushuke. Hushuka kweli, ukabaki juu kama masizi, na kidole cha kwanza cha mtoto humhamishia babu ndevu shavuni. Wapo pia wanaochapa upande wa nyuma, ambao ni plastiki isiyofyonza, na kumpata babu wa madimbwi. Hilo lina kipimo rahisi: lowesha kidole kidogo, gusa pembe ya karatasi. Upande unaonata ndio wa kuchapia.

Na umeme? Printa inapozimwa kwa kitufe chake, hedi, yaani kile kichwa kinachonyunyiza wino, hurudi kwenye kifuniko isikauke. Umeme ukikatika koti likiwa nusu, hedi hubaki uchi katikati ya njia, matundu yanakauka, na babu anayefuata ana mistari usoni. Hapo huanza zoezi la kusafisha hedi, ambalo ni kunyonya wino mzuri na kuumwaga kwenye sponji iliyofichwa tumboni mwa mashine. Sponji ikijaa, mashine nyingine hugoma kabisa. Mjukuu anakuwa ameinywesha printa wino wa picha kumi ili apate moja.

Lakini printa hizi zenyewe hazina haki ya kumcheka mtu kwa ajali. Canon wanasimulia kwamba mwaka 1977 mhandisi wao Ichiro Endo aliona pasi ya kuchomea risasi ikigusa sindano ya bomba lenye wino. Joto likaurusha wino nje, na printa za kuchemsha wino zikaanzia hapo. Naye Graham Nash, mwanamuziki wa Crosby, Stills & Nash na mpiga picha, alitaka kuchapa picha zake nyeusi na nyeupe akalipa dola 126,000 kwa printa ya Iris 3047, iliyoundwa kwa sampuli za wachapaji. Ilikataa karatasi nene. Yeye na wenzake wakaikata kwa msumeno, na dhamana ikafa palepale. Leo mashine hiyo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Mjukuu akithubutu kuikata yake, atahifadhiwa kwa shangazi.

Kwa kweli tiba ilishapatikana, nayo ni wino wa kijivu. Mwaka 2005 Epson waliweka weusi wa ngazi tatu katika mashine moja, mzito, hafifu na hafifu zaidi, na rangi zikabaki kuchungulia tu. Canon PIXMA PRO-1 ya mwaka 2011 ina weusi na kijivu katika matangi matano kati ya kumi na mawili. Mashine za namna hiyo ni ghali, na kwa picha moja ya khitma hazina maana. Ni nafuu kumpelekea aliye nayo. Picha ikishatoka, iache wazi walau siku nzima kabla ya kuitia kwenye fremu, la sivyo mvuke wa wino utakwenda kutanda ndani ya kioo.

Ukiamua kununua yako, uliza dukani ina matangi mangapi ya kijivu. Muuzaji akikujibu kwa kukutajia kurasa inazotoa kwa dakika, mshukuru, uende duka la pili.