Betri Ni Jambo Dogo: Mhadhara wa Mtaalamu Asiyepingwa

Waheshimiwa wa Lubumbashi, na ninyi vijana mliobanana mlangoni kwa kukosa dola tano za kiti: shukuruni. Leo anawahutubia mtu aliyefungua betri za simu kwa kisu sokoni Kenya (komini yetu ya Kenya, wageni, si nchi) na vidole vyake bado vyote anavyo.

Nimeulizwa Kongo itaundaje betri za magari ya umeme. Swali la kitoto! Zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia huchimbwa kwetu. Mwenye shamba la mahindi ndiye mla bukari. Nimemaliza. Ila kwa kuwa nimelipwa saa nzima, nitafafanua.

Wapo wapinzani wa maendeleo. Wanasema yale magunia yanayopanga foleni kwenye malori pale Kasumbalesa ni hidroksidi tu, na kobalti iliyomo ni kama theluthi moja. Eti lazima isafishwe iwe salfeti, ichanganywe na nikeli na manganizi kwa vipimo visivyosamehe, ndipo upatikane unga wa kutengenezea katodi. Na unga huo nao bado si betri. Nikeli tutaazima kwa majirani: Tanzania wana Kabanga, Burundi wana Musongati. Kwamba ingali ardhini ni suala la subira.

Umeme? Waya kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, upo tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na vijiji unavyopita juu yake vimeukodolea macho tangu siku hiyo. Naambiwa chumba cha kuundia seli kinataka hewa kavu kuliko jangwa, usiku na mchana. Umeme ukiyumba, unyevu unaingia na kazi inatupwa. Basi tutaweka jenereta. Ya dizeli, ndiyo. Unacheka nini, mama?

Utafiti wa BloombergNEF wa 2021 ulikadiria kwamba kiwanda cha tani 10,000 za unga ule wa katodi kingegharimu hapa dola milioni 39, karibu theluthi moja ya gharama ya Marekani. Kwa hiyo bei tunayo. Aprili 2022 tukatia saini ya ushirikiano wa betri na Zambia. Desemba tukatia nyingine Washington. Saini tunazo. Kimebaki kiwanda, sehemu ndogo ya mradi.

Na msinitishe na Northvolt, waunda betri wa Uswidi. Walikuwa na mabilioni, wahandisi, na umeme wa maji usiokatika. 2024 BMW wakafuta oda ya euro bilioni 2, na Machi 2025 kampuni ikafilisika. Mnaona vitu hivyo vilivyowaponza? Sisi hatuna hata kimoja, kwa hiyo tuko salama.

Mzee, teremsha mkono, najua la kwako: Wachina wanaunda betri za chuma na fosfati zisizo na chembe ya kobalti. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na bei ikapanda. Mnunuzi akikimbilia chuma, hayo ni matatizo ya mnunuzi.

Maswali mengine yaandikeni. Nitayajibu kwenye kitabu changu, kikitoka. Vyeti vya utaalamu wa betri viko mlangoni, dola 20. Noti iliyochanika haipokelewi.