Mwongozo wa Kumfuata Mtoto wa Miaka Mitano Mpaka Kwenye Mfongo

Mwongozo huu ni wa walimu wa darasa la awali, wazazi, bibi na babu wa Kilimanjaro, kuanzia Kiboriloni hadi Marangu, Machame na Rombo. Unafundisha kazi moja inayowatoa watu wazima jasho: kumwacha mtoto aulize, kisha kumsaidia atafute jibu mwenyewe.

Mahitaji: watoto, mfongo (mfereji wa asili wa Wachaga) wenye maji, makopo mawili ya ukubwa tofauti, buni kiganja kimoja, viatu visivyoogopa tope, na mtu mzima anayeweza kunyamaza. Vitano vya kwanza vinapatikana katika kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Huyo wa sita aanze mazoezi tangu leo.

Hatua ya 1: Nyamaza. Mtoto amechuchumaa kando ya mfongo, anauliza: "Mwalimu, maji haya usiku yanalala wapi?" Jibu limeshafika kwenye ncha ya ulimi wako. Limeze. Mrudishie swali: "Wewe unadhani yanalala wapi?" Kisha subiri, hata kimya kikikuwasha. Mmoja atasema yanalala kwa bibi yake, mwingine atasema yanakwenda baharini, wa tatu atashikilia kwamba maji hayalali. Andika kila wazo ubaoni pamoja na jina la aliyelitoa. Usimsahihishe yeyote, bado hakuna aliyekwenda kuangalia.

Hatua ya 2: Nendeni mkaangalie. Waarifu wazazi, omba mzazi mmoja au wawili wakusindikize, na watu wazima watembee upande wa maji. Fuateni mfongo kwenda juu. Watoto wataona maji yakifuata mteremko, yakizibwa kwa tope na magome ya mgomba mahali pamoja ili yaingie kihamba kingine. Mkifika kwenye nduwa, bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi, mtajua kwamba aliyeuliza hakuwa anachekesha. Maji yana pa kulala, na Wachaga walipatengeneza kabla shule ya kwanza haijajengwa mlimani.

Hatua ya 3: Mtafuteni anayejua kuliko mwalimu. Kila mfongo una wazee wanaoufahamu. Watoto wamwamkie babu shikamoo, kisha wamuulize wao: leo ni zamu ya nani? Mtu akiiba maji, nani anaamua? Mwalimu asiwasemee. Hapo mtoto anajifunza zamu, haki na adabu ya kuuliza, kwa mtu ambaye mvua ikikosekana ndiye anayeamshwa usiku.

Hatua ya 4: Rudini na kusoma, kuandika na kuhesabu. Hofu ya wengi ni kwamba mtoto akizurura na maswali yake, KKK zitampita. Mpe kopo dogo na kubwa, ahesabu ni madogo mangapi yanajaza kubwa moja. Mpe buni, aweke moja kwa kila kihamba mlichopita. Achore mfongo, akusimulie mchoro wake, nawe uandike maneno yake chini kama alivyoyatamka. Kesho atataka kuyasoma kwa sababu ni yake. Herufi "m" ya maji na mfongo haitahitaji kuimbwa mara mia.

Hatua ya 5: Likija swali linalokushinda, shukuru. Asubuhi isiyo na mawingu mtoto ataitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kuuliza kwa nini kule karibu na jua kuna theluji. Sema, "Sijui vizuri, tutafuteje?" Swali hilo liliwahi kuwashinda wakubwa. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo mwaka 1848, na wataalamu wa jiografia wa London, ambao hawakuwahi kukanyaga huku, wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Watoto wako wana nafasi nzuri kuliko wataalamu hao. Anayepanda gari kutoka Moshi mjini hadi Marangu anavaa sweta njiani, kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda meta 1,000. Kilele cha Uhuru kiko meta 5,895. Waulize: huku juu tumeshavaa sweta, kule kuna nini?

Hatua ya 6: Mkaribishe mzazi mwenye wasiwasi. Atasema mtoto wa jirani anaandika hadi mia moja, na kwamba haya mambo ya kucheza ni ya Wazungu. Msikilize, kisha mweleze. Ni kweli Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa wa vibarua. Lakini njia yake ina wenyeji hapa hapa: masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema, Moshi, wanafundisha walimu wa Montessori. Pwani, Bi Swafiya Said alianza miaka ya 1980 kuwaandaa akina mama wa Mombasa kufundisha chekechea za madrasa, watoto wakichagua kazi kwenye kona zenye vifaa vya nyumbani. Naye Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo shule lazima imjengee mtoto. Udadisi ni deni letu la zamani.

Hatua ya 7: Hesabu vichwa kabla ya kulaumu mwalimu. Kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Mwenye watoto mara mbili au tatu ya hao hawezi kusikia maswali yao, achilia mbali kuyafuata. Awagawe makundi, kundi moja litoke na wazazi huku jingine likipanga mbegu za parachichi na vifuniko vya soda. Hiyo itamsaidia kupumua, ila haitaondoa upungufu.

Sera ya mwaka 2014 iliufanya mwaka wa awali kuwa wa lazima, na ada ilifutwa kuanzia 2016. Watoto wamekuja kama tulivyowaita. Basi wajumbe wa kamati za shule, mnapochangisha fedha, tangulizeni mwalimu wa pili wa awali kabla ya majoho ya mahafali. Nawe mzazi, mtoto akirudi leo jioni, usimuulize amefundishwa nini. Muulize ameuliza nini.